Itifaki ya Hodi

Mgeni anayekwenda Kianda kwa mara ya kwanza, kule upande wa magharibi wa Kibera jijini Nairobi, aghalabu hapewi anwani. Hupewa jina la mahali pa kuanzia kuuliza. Huambiwa ashuke kituo cha Olympic, kisha aulizie kwa kinyozi fulani aliye kando ya njia. Kinyozi hamjui anayetafutwa, ila anajua kuwa watu wa upande huo hupatikana kupitia kwa mama akaangaye samaki penye kona, naye humwelekeza huko. Mama wa samaki pia hanyoshi kidole hadi mlangoni. "Shuka na huu mtaro," husema, "ukifika penye mfereji wa maji, uliza tena." Hatimaye mgeni hufika. Hakuna hata mmoja kati ya waliomwelekeza aliyeijua njia yote tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mmoja alijua hatua moja tu inayofuata, na hiyo ilitosha.

Mama huyo wa samaki ana mwana aliyesomea uhandisi wa umeme na elektroniki katika chuo kikuu kimoja cha umma. Katika mwaka wa nne wa masomo hayo ya miaka mitano alifundishwa kozi ya mawasiliano ya data na mitandao ya kompyuta. Mhadhiri alichora ubaoni viduara vilivyounganishwa kwa mistari, akaeleza kwamba pakiti ya data haibebi ramani ya safari yake. Hubeba anwani ya mwisho tu, na kila kituo inachopitia hutazama jedwali lake na kuisukuma hadi kituo jirani. Kijana alinakili. Alikokotoa njia fupi kwa mbinu ya Dijkstra, akafanya mtihani, akapata alama nzuri. Wala haikumpitikia kwamba kituo kile kilichochorwa ubaoni alikuwa amelelewa nacho, na kwamba kilikuwa na karai la mafuta moto na leso iliyofungwa kiunoni.

Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Uhandisi nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza tangu mhadhara wa kwanza hadi karatasi ya mwisho ya mtihani. Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ila ndani ya maabara Kiswahili kimebaki kuwa lugha ya kuazimana kalamu.

"Mwanangu, hasa unasomea nini?" mama alimwuliza likizo moja, huku akiparuza magamba.

"Mitandao ya kompyuta, mama."

"Hilo ni jina. Nimekuuliza ni kazi gani."

Alijaribu. Kila sentensi aliyoianza kwa Kiswahili ilikwama kwenye nomino ya tatu, akaimalizia kwa Kiingereza, na mama akawa anaitikia kwa upole wa mtu anayeitikia sala ya lugha asiyoielewa. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba elimu iliyompatia alama nzuri haikuwa na miguu ya kurudi nayo nyumbani.

Jambo hilo lingebaki aibu ndogo ya jikoni kama si mradi wa mwaka wa mwisho. Mradi wenyewe haukuwa wa makuu. Alikusudia kuunganisha shule mbili kwa mawimbi ya redio: moja upande wa Olympic, yenye chumba cha kompyuta na seva iliyojaa masomo, na nyingine ndogo ndani ya Kianda, yenye madarasa manane ya mabati na kompyuta nne za msaada. Kibera haikuwa ngeni kwa mambo hayo. Taasisi ya Tunapanda ilikuwa imekwisha kujenga TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana mumo humo mtaani, na mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliweka utaratibu wa leseni kwa mitandao ya aina hiyo. Tatizo halikuwa antena. Shule ya Kianda ilikuwa ya wazazi; wao ndio walioijenga na ndio waliolipa walimu, na bila ya idhini yao kwa maandishi msimamizi wa mradi asingetia saini. Bila saini hakuna mradi. Bila mradi mwaka ungerudiwa, na karo ya kuurudia ingetoka kwenye karai lile lile. Mkutano wa wazazi ulikuwa ufanyike mara baada ya shule kufunguliwa Mei 2024, ufunguzi uliokuwa umecheleweshwa na mafuriko, na kijana alikuwa na majuma machache tu ya kulitafutia somo lake Kiswahili.

Alianzia maktaba, kwenye rafu ambazo wanafunzi wa uhandisi hawazifikii. Huko alikuta kwamba wataalamu wa lugha hawakuwa wamelala. Desemba 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umetoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Mwaka uliofuata Microsoft ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows. Alikuta pia mzozo. Kifaa kimoja kiliitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Mtandao mmoja uliitwa intaneti, wavuti na mdahalishi. Na baadhi ya majina hayo yalikuwa hai vitabuni na mitihanini tu. Ruta aliikuta ikiitwa kipanga njia. (Kamusi zinamjua kipanga mwingine, ndege mnyakuzi, lakini huyo na aachwe na vifaranga vyake.) Alilibeba neno hilo hadi nyumbani kwa furaha, akaeleza kwamba ni kifaa kinachopokea pakiti na kuipeleka kwa jirani. Mama alilikataa papo hapo: "Anayepanga njia anaijua yote. Wewe umesema hicho kinajua jirani tu."

Pingamizi hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Istilahi ni fasili fupi, na ikitaja kazi isiyo ya kifaa, mwanafunzi huanza safari akiwa tayari amepotea. Kwa haki, ruta hupashana habari na ruta nyingine kuhusu njia zilizo wazi, na hapo pana upangaji wa namna yake. Ila pakiti inapopita, kinachofanyika ni kuelekeza tu. Mama alipendekeza mwelekezi. Kijana aliandika.

Neno lililomfungulia mlango, hata hivyo, alilikuta limekwisha kuundwa, nalo ni itifaki. Katika kozi ile kila kitu ni itifaki, yaani kanuni ambazo pande mbili huzikubali kabla ya kuzungumza: nani aanze, ujumbe uwe na urefu gani, kosa litambuliweje, kimya kichukuliwe kuwa nini. Neno la Kiingereza lina asili ya Kiyunani, nalo hapo kale lilitaja karatasi ya kwanza iliyogandishwa mwanzoni mwa hati ya kukunjwa, habari isiyomsaidia mwanafunzi wa mitandao kwa lolote. Itifaki ya Kiswahili imetoka kwenye Kiarabu, ittifaq, mapatano. Nayo ni ndugu wa kuafiki na mwafaka. Hapa neno lenyewe linafundisha, na Kiswahili kinamtangulia mwenzake kwa hatua kadhaa. Wala mwafaka si neno la kufafanuliwa Kibera. Mapema 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, reli inayopita mtaani humo iling'olewa na mizigo ya kwenda Uganda ikakwama. Mwafaka wa kitaifa ulitiwa saini tarehe 28 Februari mwaka huo. Aliyeyaishi hayo anaelewa pasi na mchoro wowote kwamba pande mbili zenye vinywa na masikio mazima zinaweza kushindwa kuzungumza kwa sababu tu hazijaafikiana namna ya kuanza.

Namna ya kuanza ndiyo hodi. Itifaki iitwayo TCP, ambayo msingi wake uliwekwa na Vinton Cerf na Robert Kahn katika makala yao ya 1974, na ambayo mtandao wa ARPANET wa Marekani ulihamia rasmi tarehe 1 Januari 1983, haitumi neno lolote la maana kabla ya kubisha. Kompyuta ya kwanza hutuma ombi. Ya pili hukiri kulipokea na kutuma ombi lake. Ya kwanza hukiri hilo la pili. Wanafunzi huzikariri hatua hizo tatu na kusahau kwa nini si mbili. Mwambaoni mgeni husema "Hodi", mwenyeji hujibu "Karibu", na mgeni huitikia "Starehe". Kianda neno la tatu huwa "Asante, nimekaribia". Hodi ikijibiwa, mgeni amejua kwamba sauti yake inafika na kwamba yeye mwenyewe anasikia. Mwenyeji hajajua bado kama karibu yake imesikika au imemezwa na spika za kanisa la jirani. Neno la tatu ni la kumwondolea yeye shaka.

Mama alilielewa hilo kabla kijana hajamaliza, akaongeza jambo ambalo vitabu huliweka kurasa nyingi mbele. Hodi isiyojibiwa, alisema, hairudiwi papo hapo kwa kupiga mlango mateke. Mtu hungoja, hubisha tena, hungoja zaidi, ya tatu isipojibiwa hujiendea zake. TCP nayo hungoja, na kila mara isipojibiwa hurefusha ngojeo lake takriban maradufu, hadi itakapokata tamaa. Kijana alikuwa amekariri kanuni ya ngojeo hilo kama hesabu. Hakuwa amewahi kuiona kuwa ni adabu.

Kukiri pia hakukuwa kugeni kibandani. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, samaki wa mama haondoki mpaka ujumbe uingie kwenye simu yake. Ujumbe wa mnunuzi peke yake haumtoshi. Hata habari ya kutambua makosa ilipata mfano hapo hapo. Namba ya simu haina tarakimu ya ukaguzi, kwa hiyo tarakimu moja ikikosewa namba hubaki kuwa namba halali, ya mtu mwingine, na pesa huenda kwa huyo mwingine. Ndiyo maana baadaye iliongezwa huduma ya kumwonyesha mtumaji jina la mpokeaji. Pakiti za data huongezewa tarakimu za ziada zinazokokotolewa kutokana na tarakimu zilizotangulia, ili kosa lijifichue lenyewe. Mama aliuliza kwa nini namba za simu hazikufanyiwa hivyo. Swali hilo ni zuri na kijana hakuwa na jibu lake.

Zipo itifaki zisizobisha wala kungoja ukiri. Mpiga mgambo hazunguki mlango kwa mlango kuuliza nani amesikia. Simu nyingi za sauti na video mtandaoni huenda vivyo hivyo, kwa kuwa neno lililopotea likirudiwa sekunde mbili baadaye litaharibu mazungumzo kuliko lingekosekana.

Kelele za hewani zilimsumbua zaidi. Waifai ya masafa ya gigahezi 2.4 ina chaneli kumi na zaidi, lakini zisizoingiliana ni tatu tu, aghalabu 1, 6 na 11, na Kianda ina nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta. Tatizo la wengi kuzungumza katika hewa moja lilishughulikiwa mapema huko Hawaii, ambako mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake waliunganisha visiwa kwa redio. Mtandao wao uliitwa ALOHA, yaani salamu ya Kihawaii. Sadfa ya kupendeza kwa yeyote aliyekwisha kuiona TCP ikipiga hodi. Kanuni yao ilikuwa rahisi: sema unapotaka, usipokiriwa, ngoja muda wa kubahatisha, kisha useme tena. Hesabu huonyesha kwamba baraza la namna hiyo, lisilo na mwenyekiti, haliwezi kutumia zaidi ya asilimia 18 hivi ya hewa yake; iliyobaki hupotea kwa kugongana na kwa kimya. Mama, aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama, hakushangaa hata kidogo.

Anwani ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote, maana Kianda yenyewe haina. Hadi 2009 Kibera ilikuwa kama doa tupu katika ramani za mtandaoni. Novemba mwaka huo vijana 13 wa vijiji vyake walianza kuzunguka vichochoroni na vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, wakaitia katika ramani huria ya OpenStreetMap. Vichochoro vilipata mahali pake ramani, lakini barua bado huja kwa sanduku la shule au la kanisa: jina la mtoto, "kwa hisani ya" mwalimu mkuu, kisha S.L.P. Hapo kijana akapumua, kwani mfano ulikuwa umejileta. Mfumo wa zamani wa anwani za intaneti una takriban anwani bilioni 4.3 pekee, idadi isiyotosha vifaa vya dunia, na tangu miaka ya 1990 dawa yake imekuwa ile ile ya sanduku la shule. Kompyuta zote za ndani hutumia anwani moja ya nje, na mwelekezi wa mlangoni huweka daftari la nani alituma nini, ili jibu likija amgawie mwenyewe.

Mkutano ulifanyika Jumamosi tarehe 18 Mei 2024, katika darasa ambalo ukuta wake ulikuwa na alama ya maji ya mafuriko. Wazazi walinong'onezana Kijaluo, Kiluhya, Kikamba, Kikisii na Kinubi, na kila aliyesimama alisimama na Kiswahili. Huenda huo ndio uliokuwa mfano bora kuliko yote, ingawa kijana hakuutumia. Intaneti haikuzaliwa kwa kuilazimisha mitandao yote ifanane. Kila mtandao uliachwa na desturi za ndani ya nyumba yake, ukatakiwa tu kujua itifaki moja ya kukutania nje. Kibera ilikuwa imefanya hivyo kwa miongo mingi kabla ya Cerf na Kahn.

Alikuwa amejiandaa kuulizwa kuhusu radi na maradhi, akaulizwa, akajibu: nguzo ingekuwa na waya wa kwenda ardhini, na nguvu ya mawimbi ya antena ya aina ile kwa kawaida haifiki wati 1, ilhali simu iliyo mfukoni iko karibu zaidi na mwili. Swali ambalo hakulitarajia lilitoka kwa baba mmoja anayeuza filamu.

"Masomo hayo si yanaingia kwenye flashi? Mtoto akimbie nayo kutoka Olympic, dakika kumi yuko hapa. Antena ya nini?"

Watu walicheka. Kijana alichukua chaki. Flashi ya gigabaiti 64 ina gigabiti 512. Zikigawanywa kwa sekunde 600 za mwendo wa mtoto, huwa zaidi ya megabiti 850 kwa sekunde, kasi inayoishinda mbali antena aliyokusudia kuinunua. Fani hii imeijua hesabu hiyo tangu enzi za kanda zilizopakiwa garini. Basi alikiri mbele ya wote kwamba kwa wingi flashi inashinda. Kisha akamwomba baba yule afikirie swali na jibu: mtoto wa Kianda anauliza, wa Olympic anajibu, wa Kianda anauliza tena. Kwa flashi, kila zamu ni dakika kumi za kukimbia. Kwa antena ni sehemu ndogo ya sekunde. Wingi ni jambo moja, wepesi wa kuitikiana ni jingine. Tofauti hiyo huwatatiza wanafunzi wa mwaka wa nne, na darasa lile la wazazi liliimaliza kwa dakika tano. Baba wa filamu aliketi akisema kwamba basi flashi nayo isiachwe, ya kupeleka mafurushi mazito. Pendekezo hilo liliingizwa kwenye mradi, na lilikuwa sahihi kiuhandisi.

Swali zito lilikuwa la mama mmoja aliyeketi nyuma. Tarehe 12 Mei, siku sita kabla ya mkutano, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. "Tunachangia pesa," alisema, "halafu kitu kinakatika huko baharini, na watoto wetu wanakaa. Itakuwa hivyo?"

Jibu la swali hilo ni historia, na inafaa ijulikane na wengi kuliko wanaoijua sasa. Hadi mwanzo wa miaka ya 2000, watumiaji wa kampuni mbili tofauti za intaneti jijini Nairobi hawakuwa na pa kukutana nchini. Ujumbe wa jirani kwa jirani ulipanda kwenye setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu, ukateremka ng'ambo, ukageuka na kurudi kwa njia hiyo hiyo, huku kila kupanda na kuteremka kukila takriban robo ya sekunde, na kila hatua ikilipiwa kwa fedha za kigeni. Novemba 2000 kampuni hizo zilifungua kituo cha kubadilishana, KIXP, ili ujumbe wa nyumbani ubaki nyumbani. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na katika muda wa majuma machache Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Kifaa chenyewe cha kuunganisha kampuni hizo ni kidogo mno. Kilichochukua zaidi ya mwaka ni itifaki, kwa maana ya zamani ya neno hilo. Mikongo ya baharini ilikuja baadaye, TEAMS na Seacom zikifika Mombasa mwaka 2009, na hata hiyo si salama: Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na bandari ya Mombasa.

Kijana alieleza hayo kwa ufupi, kisha akamjibu mama. Seva ya masomo ilikuwa Olympic, si ng'ambo. Mkongo ukikatika baharini, masomo yangeendelea kuvuka kilomita moja ile ya hewa kana kwamba bahari haipo. Juma lile lile la kukatika kwa mikongo, aliongeza, ndilo lililokuwa zuri kuliko yote kuonyesha jambo hilo. Idhini iliandikwa siku hiyo. Sharti lilikuwa moja: mwelekezi awekwe mahali ambapo katibu wa shule, aliye mwanamke mwenye ufunguo wa ofisi, anaweza kumfikia bila kumngoja fundi.

Hapo ndipo hadithi nyingi za namna hii zingeishia, lakini mawimbi yana kanuni zake. Kwa umbali wa kilomita 1 na masafa ya gigahezi 5.8, antena mbili kuonana tu hakutoshi. Huhitaji uwazi wenye umbo la tango kati yao, ambao katikati hunenepa kufikia nusu-kipenyo cha mita 3.6 hivi. Julai, mwenye nyumba mmoja aliyekuwa katikati ya njia aliongeza ghorofa. Hakuwa na neno na mtu; alitaka wapangaji. Kasi ilishuka hadi mtandao ukawa haufai, na hakuna kilichokuwa kimeharibika, si antena wala waya wala programu. Kijana alipanda kwenda kubisha hodi kwa mwenye nyumba huyo, akiwa na maneno aliyokwisha kuyajaribu kibandani na mkutanoni. Alieleza tango, mwelekezi na sanduku la barua. Nguzo ya kati iliwekwa juu ya ghorofa ile ile iliyoziba njia, na malipo yakawa ni nyumba hiyo kupewa mlango wake wa mtandao. Safari ya hatua moja ikawa ya hatua mbili, na kasi ikarudi.

Ripoti ya mradi iliandikwa kwa Kiingereza, kama kanuni zinavyotaka, isipokuwa kiambatisho cha kurasa nne chenye maswali ya wazazi na majibu yake, na orodha ya maneno. Nakala ya orodha hiyo ilibandikwa ofisini mwa shule ya Kianda, juu ya kifaa chenyewe, ili katibu aweze kuzungumza na fundi kwa simu bila wote wawili kubabaika. Mwelekezi yumo, na kipanga njia amekatwa kwa mstari mmoja. Kukiri kumo. Chaneli imebaki chaneli, kwa kuwa kila mtu aliijua tayari kutokana na televisheni. Kikao cha istilahi huenda kikaikataa nusu ya orodha hiyo, na kwa baadhi ya maneno kitakuwa na haki: "kumlaza mwelekezi", ambalo ni neno la katibu la kukizima kifaa kwa nusu dakika na kukiwasha tena, halina sifa ya kuingia kamusini. Maneno matano ya chini yameongezwa kwa kalamu nyingine, kwa mwandiko ambao si wa kijana.